Kichwa cha Mjomba Kilibaki Studio

Mjomba wangu ana urefu wa mita 1 na sentimita 92, na ukoo mzima unalijua hilo, maana hapa Himbi, mtaa wetu wa Goma, Kongo, hakuna mlango ambao hajaupiga kwa paji la uso. Kwa hiyo nilipofungua bahasha ya studio na kumkuta ameishia mabegani, nilidhani ni kivuli. Nikaisogeza foto dirishani. Tai ipo. Kola ipo. Juu ya kola, ukingo wa karatasi.

Kazi yenyewe ilikuwa albamu ya Koko, mzee wa ukoo wetu, kutimiza miaka 80. Si albamu ya mifuko ya plastiki ambayo wageni hupewa wasubiri chai, bali ile ya kubandika: kurasa ngumu za sentimita 30 kwa 30, foto, vipande vya kitenge, kadi ya mwaliko, maneno ya mkono pembeni. Mimi niliingia katika mambo haya kwa mlango wa mkasi. Karatasi za rangi nilikuwa nazo. Gundi isiyo na asidi nilikuwa nayo, kwa kuwa ile ya kawaida huacha madoa ya njano miaka inavyokwenda. Hata penseli laini ya kuandika nyuma ya foto nilikuwa nayo, maana kalamu ya wino hupenya au huchafua foto iliyo chini yake. Kilichokosekana ni foto. Nilihesabu kwamba hiyo ndiyo sehemu rahisi.

Kamera niliazima kwa binamu: ndogo ya mfukoni, megapikseli 12, lenzi yenye zumu ya mara 4. Kwa albamu inatosha na kubaki. Foto ya sentimita 10 kwa 15, ikichapwa kwa nukta 300 kwa inchi, inahitaji pikseli kama 1,800 kwa 1,200, yaani megapikseli 2 na kidogo. Anayekuambia kwamba bila megapikseli 40 hutaweza, muulize anauza nini. Cha kuogopa ni zumu ya pili, ile inayoanza lenzi ikishafika mwisho wake. Ile haivuti kitu karibu; inakata katikati ya foto na kuitanua, kama unga wa mtu mmoja unaosongwa kwa wageni kumi. Niliizima kwenye menyu kabla ya kutoka nyumbani. Ni kitu pekee nilichokifanya sawasawa siku ile, nakitaja mapema kisije kikasahaulika.

Betri nilichaji usiku umeme ulipokuja. Kadi ya kumbukumbu nayo niliiandaa vizuri sana, nikaihamishia foto zake za zamani kwenye kompyuta, nikaiacha humo humo ndani ya kompyuta. Kamera haikulalamika. Nyingi za aina ile zina kumbukumbu ndogo ya ndani, kwa hiyo ilinipa foto 9 kwa moyo mweupe, kisha ikaandika kwamba imejaa. Watu 31 walikuwa wamepangwa, wamevuta pumzi, wamebana matumbo. Mpwa wangu akapanda motari kufuata kadi, matumbo yakaachiwa. Tangu siku hiyo kadi ya akiba ya gigabaiti 8 inakaa kwenye pochi pamoja na kitambulisho, na kabla ya kumpanga mtu yeyote napiga foto moja ya kiatu changu na kuiangalia.

Kadi iliporudi ilikuwa saa sita mchana. Goma iko chini kidogo tu ya ikweta, na saa hiyo jua linakaa juu ya utosi: macho yanageuka mashimo mawili, pua inaweka kivuli chake juu ya mdomo, kila mtu anafanana na babu yake marehemu. Nikawahamishia chini ya mparachichi. Kivuli, nilisema, ndicho hiki. Kumbe kivuli cha majani machache si kivuli. Ni jua lililochanwa vipande. Kwenye skrini watu 31 walikuwa na madoadoa kuanzia vipara hadi magoti, na Mjomba, aliyekaribia matawi, alikuwa chui kamili.

"Fanya mbio, jua inatuchoma!" alipaza Tantini mkubwa, yaani shangazi.

Sikufanya mbio. Niliwaambia wale kwanza. Hadi saa kumi kivuli cha nyumba kilikuwa kimetambaa na kuufunika ua mzima, na huo ndio mwanga unaofaa foto ya watu wengi: mpana, laini, usiombagua mtu. Koko alikuwa ameshalala usingizi mmoja na kuamka, akapendeza zaidi.

Sasa ukuta. Ua wa Koko umezungushiwa mawe ya volkano kama nyua nyingi za Goma, meusi kama sufuria ya sombe. Na tantini, bila kuniuliza, walikuwa wameamua sare ya ukoo iwe nyeupe. Nyeupe tupu, mbele ya nyeusi tupu. Kamera haijui nyeupe wala nyeusi. Ina imani moja tu: kwamba dunia yote, ukiikoroga, ni kijivu. Ikiona nyeusi nyingi inadhani kuna giza, inaongeza mwanga. Ikiona nyeupe nyingi inadhani mwanga umezidi, inapunguza. Niliporudi nyuma ili ukuta uingie wote, ikaongeza: tantini sita wakawa shuka moja lenye vichwa sita. Nikasogea karibu ili nguo zijae: shuka likawa nguo tena, ila nyuso zikawa makaa.

Dawa ipo, ni kile kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa. Hatua moja ya kujumlisha inaongeza mwanga mara mbili, moja ya kutoa inaupunguza kwa nusu. Nilikuwa nimesoma habari zake usiku, nikaelewa kinyume. Nikatazama ukuta, nikasema huu ni mweusi, masikini, uongezewe. Nikajumlisha 1. Foto iliyotoka ilifaa kwa tangazo la sabuni: hakuna watu, weupe mtupu na Mjomba anaelea. Mbele ya ukuta mweusi unatoa 1, kwa sababu kamera yenyewe imeshaongeza bila kukuuliza. Nguo nyeupe zikijaa fremu, ndipo unajumlisha. Nilipotoa, uzi wa nguo ukaonekana, na nyuso zikarudi kwa wenyewe.

Hapo ningenyamaza, nikapiga, nikala mabaki. Lakini Koko akataka na mimi niwemo.

Mguu wa kamera sikuwa nao, na kwa albamu si lazima uwe nao. Kilo moja ya maharage ndani ya kipande cha kitenge, imefungwa bila kukazwa sana, inashika kamera ndogo popote na kuielekeza unakotaka. Maharage yangu yalikuwa bora kabisa. Kosa lilikuwa pale nilipoyaweka. Chukudu ya jirani, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili cha kusukumia mizigo, ilikuwa imeegemezwa langoni, ubao wake mpana, kimo chake cha kupendeza, gurudumu limezuiwa na jiwe. Nikaweka maharage, nikaweka kamera, nikabonyeza kipima muda cha sekunde 10, nikakimbia.

Sekunde 10 ni nyingi ukiwa umesimama. Juu ya mawe ya volkano, na viatu vya misa, ni hatua tisa na kuteguka mara mbili. Wakati huohuo mtoto mmoja wa safu ya mbele alikuwa amechoka kuchuchumaa, akatafuta kitu cha kukalia, akaona jiwe zuri chini ya gurudumu. Nilipogeuka kutabasamu, kamera ilikuwa inaondoka. Ilikwenda bila haraka, ikitutazama, taa nyekundu ikipepesa, kama mgeni anayeaga. Mwenye chukudu akapita katikati ya ukoo mzima huku akipiga kelele, nadhani kwa ajili ya chukudu. Ikagonga rundo la mawe, maharage yakapokea kishindo, na ndipo ikalia klik. Ni foto nzuri ya mawingu.

Safari ya pili niliweka bido mbili za maji za lita 20, zimejaa, moja juu ya nyingine. Kilo 40 haziendi popote. Mkanda wa kamera nikauzungusha kwenye mpini wa bido. Na nikaipanga fremu kwa ubahili mkubwa: vidole vya miguu vya watoto vinagusa chini, utosi wa Mjomba, niliyemsimamisha nyuma juu ya jiwe, unagusa juu. Hakuna nafasi iliyopotea! Nilijipongeza kwa maneno hayo hayo. Nilikumbuka hata kutowaweka tantini wanene pembeni, kwa kuwa lenzi ikiwa kwenye upana wake wote huwavuta walio kwenye kingo na kuwaongezea kilo ambazo hawakuziomba.

Ya usiku nitayapita haraka. Sahani ya sambaza, wale samaki wadogo, niliipiga kwa karibu ili iwe foto ndogo ya pembeni, ikatoka ukungu: bila kubonyeza alama ya ua, lile la kama waridi, la kupigia vitu vya karibu, kamera ile haioni vizuri kitu kilicho chini ya nusu mita. Keki na kwaya nilizipiga kwa flashi moja. Keki ilikuwa mita 2 mbele yangu, kwaya mita 4. Umbali ukizidi mara mbili mwanga unaofika ni robo. Keki ikawaka kama volkano ya Nyiragongo usiku, na nyuma yake meno kumi na mawili ya waimbaji.

Studioni nilifika na kadi yenyewe mkononi. Foto ikitumwa kwa simu kama foto hubanwa na kupoteza pikseli, na kama huna budi, itume kama faili. Nilimweleza hayo kijana wa pale kwa sauti ya mtaalamu, na labda ndiyo maana aliniuliza swali lake kwa heshima kubwa:

"Mama, tuache marji nyeupe pembeni, ao ijae karatasi yote?"

"Ijae yote," nikasema. Ilisikika kama ya matajiri.

Hesabu nilifanya baadaye, nikiwa nimekaa kwenye ngazi na bahasha. Kamera ya mfukoni hupiga foto ya uwiano wa 4 kwa 3. Karatasi ya 15 kwa 10 ni 3 kwa 2. Foto yangu ikijaza sentimita 15 za upana, urefu wake unataka sentimita 11 na robo, na karatasi ina 10. Sentimita 1 na robo lazima iende mahali, nayo inaenda nusu juu na nusu chini: milimita 6 kila upande. Watu 12 wamejipanga begani kwa bega kwenye sentimita 15, kichwa cha mmoja ni kama milimita 6. Studio haikukosea hata kidogo. Ilichukua kichwa kimoja kamili na miguu ya watoto saba, kama nilivyoagiza. Ningeacha ukuta mtupu wa kutosha vichwa viwili juu na changarawe kiasi hicho chini, mashine ingekula mawe ikashiba. Au ningebadilisha uwiano kwenye menyu uwe 3 kwa 2 kabla ya kupiga, nikaona mwenyewe kinachokatwa.

Nilirudi kuomba ichapwe upya na marji. Kadi, nikaambiwa, haina kitu. Hapana, si wao: ni mimi, niliyeisafisha usiku uliotangulia ili iwe tayari kwa ubatizo wa Jumapili, kabla ya kunakili.

Nikaenda kwa Mjomba na foto, nimeishika kwa mikono miwili.

"Kichwa yangu iko wapi?"

"Iko studio, Mjomba."

Akafikiri. Akaingia chumbani, akarudi na bahasha ya foto za pasipoti zilizobaki. Nilimweleza kwamba vipimo havikubaliani, kwamba kichwa cha pasipoti ni sentimita 3 na kinachohitajika ni milimita 6, kwamba mwanga wa foto ile unatoka mbele na wa albamu unatoka juu. Akasema pale alikuwa na mashavu. Nikakata kwa mkasi mdogo wa kucha, nikafuata masikio kwa uangalifu, nikabandika kwa gundi isiyo na asidi. Kichwa kilipanda juu ya ukingo wa foto na kufunika sehemu ya ukurasa, na uso wake ulikuwa ule wa mtu anayeulizwa mpakani, pale Petite Barrière, kama anakwenda kulala Gisenyi, upande wa Rwanda, au kurudi leo.

Koko alifunguliwa albamu magotini. Akaupitisha mkono juu ya nguo nyeupe, juu ya ukuta mweusi uliofuata amri, taratibu, bila kusimama popote. Kidole kikafika kwenye kichwa, kikakaa.

"Huyu tu njo naona bila miwani," akasema.

Kesho yake alfajiri tantini wanne walikuwa langoni kwangu, kila mmoja na bahasha ya pasipoti.