Kichefuchefu cha mimba: kati ya kuvumilia na kumeza vidonge

Mjamzito wa wiki ya nane anayetapika tangu alfajiri hukutana na ushauri wa namna mbili. Kuna wanaomwambia avumilie, kwa kuwa dawa yoyote itamdhuru mtoto. Na kuna wanaomwambia apite duka la dawa, kwa kuwa kinachouzwa bila cheti cha daktari hakiwezi kuwa na madhara. Wote wawili wanamtakia mema. Mimi naona wote wanakosea, ila kosa la kwanza hupita bila kuhojiwa, maana linavaa vazi la busara.

Hofu ya dawa ina historia. Mwaka 1957 talidomaidi iliingia sokoni Ujerumani Magharibi, ikisifiwa kuwa dawa ya usingizi isiyo na hatari, na mwanzoni iliuzwa bila cheti. Wajawazito wakaitumia kutuliza kichefuchefu. Hadi inaondolewa madukani huko mwezi Novemba 1961, ilikuwa imekwishaenea nchi nyingi, na inakadiriwa watoto zaidi ya 10,000 waliathirika, wengi wakizaliwa na mikono au miguu isiyokamilika. Marekani haikuidhinisha uuzaji wake kwa sababu Dkt. Frances Kelsey wa mamlaka ya dawa ya nchi hiyo, FDA, alidai ushahidi wa usalama na akagoma kusaini bila kuuona. Ubaya ni kwamba kichefuchefu huanza kwenye wiki ya 6 hivi na kupamba moto kati ya ya 8 na ya 12, yaani katika kipindi kilekile ambacho viungo vya mtoto vinaumbika. Anayeogopa ana haki ya kuogopa.

Lakini hofu nayo imewaumiza wanawake. Tangu 1956 Marekani ilikuwa na dawa iitwayo Bendectin, iliyochanganya doksilamini, ambayo ni dawa ya mzio yenye kuleta usingizi, na vitamini B6. Mamilioni ya wajawazito waliitumia. Kesi zikamiminika zikidai inalemaza watoto, na mwaka 1983 mtengenezaji akaiondoa sokoni kwa kuelemewa na gharama za mahakama. Tafiti nyingi hazikuona uhusiano huo. Baada ya kuondolewa, kasoro za kuzaliwa hazikupungua, ila wajawazito waliolazwa hospitalini kwa kutapika waliongezeka. Mwaka 2013 FDA ikaidhinisha upya mchanganyiko uleule wa doksilamini na B6. Miaka 30 ilipita, na waliotapika katika miaka hiyo hakuna wa kuwafidia.

Sasa neno hili "bila cheti". Huko Marekani kidonge chenye mchanganyiko huo kinahitaji cheti, ilhali doksilamini peke yake na B6 peke yake huuzwa bila cheti. Mstari huo umechorwa na sheria za uuzaji, na tumbo la mjamzito halikuwa kipimo chake. Dawa nyingine za tumbo zinazouzwa waziwazi zina bismathi sabsalisileti, ambayo ni jamaa ya aspirini, na mjamzito hushauriwa aiepuke. Doksilamini nayo mara nyingi hufungashwa kama dawa ya usingizi au ya mafua, ikiwa imechanganywa na dawa nyingine ambazo hukuzihitaji. Soma orodha ya viambato nyuma ya boksi. Jina kubwa la mbele halisemi lolote.

Kwa wengi, pa kuanzia ni vitamini B6, miligramu 10 hadi 25, mara tatu au nne kwa siku. Hutuliza kichefuchefu kuliko inavyozuia kutapika. Vipimo vikubwa mno kwa muda mrefu huweza kuharibu neva, kwa hiyo hesabu pia B6 iliyomo kwenye vidonge vya ujauzito unavyomeza tayari. Doksilamini ikiongezwa, usingizi utakuja, na si vyema kuendesha gari. Tangawizi, takriban gramu 1 kwa siku, ina ushahidi wa kiasi, ingawa huleta kiungulia, na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda aulize kwanza. Pengine nafuu iko katika kupunguza: madini ya chuma huchafua tumbo, na mkunga anaweza kukubali uyaache kwa wiki chache ubaki na foliki asidi.

Wanaosema "vumilia" hudhani pia kwamba tatizo liko moyoni. Mwaka 2023 watafiti walionyesha mchango wa homoni GDF15, ambayo kondo la nyuma huimwaga kwenye damu ya mama. Waliokuwa na kiwango kidogo cha homoni hiyo kabla ya mimba ndio huathirika zaidi. Mwanamke huyo hadeki.

Nafuu ya dukani ina mpaka. Maji yasipokaa tumboni kwa saa 24, mkojo ukawa haba na wa rangi nzito, uzito ukapungua kwa zaidi ya asilimia 5, au damu ikaonekana kwenye matapishi, huyo ni wa kupelekwa hospitali siku hiyohiyo. Na kutapika kunakoanza kwa mara ya kwanza baada ya wiki ya 9 kuchunguzwe, kwa sababu huenda chanzo chake si mimba kabisa.