Sekunde Nne za Mlinzi

Mimi ni mlinzi wa usiku. Makubaliano yangu na dunia ni mepesi: wao wakilala nakesha, wao wakiamka nalala. Dunia nzima imekubali, isipokuwa mama mkwe.

Kila siku saa nane mchana, nikiwa kwenye ule usingizi wenyewe, wa kutoa udenda, sebuleni panalia pa-paaaa! Televisheni imeegemezwa ukutani, na upande wa pili wa ukuta huo ndiko kiliko kichwa changu. Mwanamke akichapwa kibao kwenye tamthilia, kinanifikia mimi kabla hakijamfikia yeye. Siku ya kwanza niliinuka, nikajifunga shuka, nikatoka.

"Shikamoo mama. Naomba tupunguze sauti kidogo."

"Marahaba baba. Njoo uone, yule Mshenzi amerudi."

"Si ulisema alikufa?"

"Alikufa. Amerudi."

Hapo ndipo nilipojimaliza mwenyewe. Ningesema "haya mama" nikarudi kulala, leo ningekuwa mtu mwenye afya. Mimi nikauliza: amerudije? Mama mkwe akasogea kidogo kwenye kochi. Nikakaa. Ni mwezi wa tatu huu.

Majina ya wahusika hawezi kuyatamka, kwa hiyo kawabatiza. Kuna Mshenzi, mwenye ndevu zilizochongwa. Kuna Nyoka, dada wa Mshenzi. Halafu kuna Mtoto wa Watu, binti maskini mwenye kucha za kupakwa rangi kila siku. Wote wametiwa maneno ya Kiswahili, na wanaume watatu wana sauti moja. Wakigombana, ni bwana mmoja anajitukana.

Sasa mnisikilize kilio changu. Jumba lile lina watu saba na hakuna anayekwenda kazini. Jumatatu, saa nne asubuhi, watu wako ndani ya suti wameshika glasi. Kampuni wanayo, tena wanaigombania mpaka kutiliana sumu, lakini inauza nini? Miezi mitatu natega sikio, sijasikia hata mteja mmoja aliyekuja kudai risiti. Simu zao haziishiwi chaji. Hakuna anayekwenda msalani. Nyoka alilala wiki sita hospitali hajitambui, akafumbua macho akiwa na wanja. Mimi nikilala kwa saa tatu tu, mto unanichora shavuni kama ramani.

Na siri zao! Mtu ana siri ya kumfunga maisha, anaisimulia peke yake, kwa sauti, katikati ya chumba, mlango wazi. Mimi na mke wangu tukitaka kumteta mama yake kidogo tu, inabidi tutoke nje tujifanye tunaanua nguo.

Kuna mtoto pia. Alipandishwa ghorofani kulala akiwa na miaka sita hivi, akakaa huko majuma machache, akashuka ana ndevu na mchumba. Nikadhani nimesinzia nikarukwa na kipande. Kumbe ni jambo linalojulikana, na wapenzi wa tamthilia huko Marekani wamelipatia jina kama la hospitali: ugonjwa wa kuzeeka haraka wa kwenye tamthilia. Mimi niliwaza ada tu. Yaani darasa la kwanza hadi chuo kikuu, kwa kupanda ngazi!

Yote hayo ningemeza. Kilichonikaba ni mlinzi.

Jumba lile lina geti, na geti lina mlinzi, ila hatukuwa tumemwona. Siku moja kamera ikateleza ikamwonyesha. Sekunde nne, nilihesabu baadaye iliporudiwa. Kofia imemshuka mpaka kwenye nyusi, kwa hiyo hata uso huuoni. Mkononi hana tochi. Usiku! Hana filimbi, hana rungu, hana daftari la wageni. Halafu amesimama kaligeuzia geti mgongo, anatazama ua. Jamani, hata siku ya kwanza kazini mtu hafanyi hivyo. Sisi tunakaa pembeni, mgongo ukutani, geti liko jichoni, na masikio yanafanya kazi kuliko macho. Mshenzi akaja nyuma yake, akampiga chupa ya kisogo. Mlinzi akaanguka bila kutoa sauti. Mshenzi akamruka kama mtu anaruka dimbwi, akaingia ndani, na sisi tukahamia sebuleni kwao kusikiliza mambo ya mirathi.

Nilisimama. "Mama, amekufa?"

"Nani?"

"Mlinzi!"

"Hebu nyamaza baba, Mtoto wa Watu anasema."

Sikulala siku ile. Nilikwenda lindoni na hasira ya watu wawili, yangu na ya yule aliyelala getini. Na mlinzi mwenye hasira, mwenye bando, usiku wa manane, husoma. Nilitaka kujua hivi vitu nani kavianzisha, na kwa nini sisi tumewekwa humo wa kupigwa chupa.

Kumbe vimetoka redioni, Marekani, miaka ya 1930. Watengeneza sabuni waliona kwamba mchana nyumbani kuna akina mama wanafua na kupiga pasi, mikono imeshikwa lakini masikio yako huru. Wakalipia michezo ya kuigiza ili katikati ya vilio wachomeke tangazo. Ndiyo maana hadi leo zinaitwa opera za sabuni. Procter & Gamble, mmoja wa watengeneza sabuni hao, hawakuishia kutangaza, walitengeneza tamthilia zao wenyewe. Nikaelewa hata ule usemaji wa kina Mshenzi: "Wewe, kaka yangu wa damu, uliyezama baharini miaka ishirini iliyopita!" Nani anamsalimia kaka yake hivyo? Ni lugha ya redio. Walikuwa wanamwambia mama aliyeinamia karai, asiyeona kitu, na aliyekosa vipindi vitatu kwa sababu mtoto alikuwa na homa.

Ila nilicheka peke yangu mpaka mbwa wa jirani akabweka. Karibu miaka mia ya michezo ya sabuni, na sijaona mtu humo amefua hata soksi.

Ipo moja, Guiding Light, ilianza redioni 1937, ikahamia kwenye televisheni 1952, ikazimwa 2009. Miaka 72! Mtu angezaliwa nayo, akaoa, akastaafu, akazikwa, na mgogoro wa ndoa wa humo ndani haujatatuliwa. Hiyo ndiyo iliyonikata kidogo hasira. Mwaka 1962 mwandishi wake, Agnes Nixon, alitaka kuwahimiza wanawake wakapimwe saratani ya kizazi mapema. Akampa ugonjwa huo mama wa familia kwenye mchezo, Bert. Wenye televisheni na wenye sabuni wakamruhusu kwa sharti: asitaje saratani, asitaje mji wa mimba, asitaje upasuaji wa kuutoa. Fikiria. Watu wanaouza kitu cha kusafishia mwili, wanaogopa kutaja mwili. Na Agnes akaandika hivyohivyo, kwa kuzungukazunguka, ujumbe ukafika.

Kesho yake nilimsimulia mama mkwe. Nilitegemea atacheka. Akapunguza sauti ya televisheni, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu ahamie, akasema, "Sasa nani alikuwa anayataja, baba? Sisi tulikuwa tunasema 'naumwa huku'." Akaonyesha huku. Kisha akaongeza sauti.

Agnes Nixon huyohuyo mwaka 1968 alianzisha nyingine, One Life to Live, akamweka humo Carla, mwigizaji mwenyewe akiwa Ellen Holly. Watazamaji walimwona miezi kadhaa wakidhani ni mwanamke mzungu, wakampenda, wakafuatilia uchumba wake na daktari mzungu. Halafu ikafichuka kwamba ni mweusi anayejificha, na mama yake mzazi ni mfanyakazi wa kawaida, mweusi, yuko palepale. Bila mapacha, bila sumu. Nilipenda ujanja huo: waliokuwa wanajibanza nyuma ya mlango, safari hii walikuwa watazamaji.

Lakini msidhani ni historia ya malaika. Harusi iliyotazamwa kuliko zote kwenye tamthilia za mchana Marekani, ile ya Luke na Laura kwenye General Hospital, Novemba 1981, watazamaji wapatao milioni 30: bwana harusi ndiye aliyembaka bibi harusi mwaka 1979. Hapo sina utani. Nilizima simu, nikazunguka ua mara mbili na tochi.

Niliporudi nikahamia Uingereza, na huko, ndugu zangu, nusura nilie. Kuna tamthilia inaitwa EastEnders, ilianza 1985. Ni ya jioni, si ya mchana, lakini nisameheni. Watu wake wana soko. Wana baa ya mtaani na wateja wa kuifanya iwe baa. Na wana duka la kufulia nguo, lenye mashine, na bibi mmoja, Dot Cotton, aliajiriwa humo miaka na miaka, alifanya kazi kweli, alichukua nguo chafu za watu! Sasa sikilizeni uchawi wenyewe: EastEnders ni ya BBC, na BBC kwao haiweki matangazo. Isiyolipiwa na sabuni ndiyo inayofua.

Humo mwaka 1991 kijana anayeitwa Mark Fowler alitangaza ana virusi vya Ukimwi. Wakati huo mtu wa namna hiyo kwenye michezo alikuwa anapewa kipindi kimoja cha kukohoa na kimoja cha kuzikwa. Huyu aliishi. Miaka na miaka yuko sokoni na meza yake ya matunda na mboga, anagombana na watu, anaoa, anakosea. Hakufanywa somo, alifanywa jirani.

Nikaona basi, mambo yanaweza kwenda. Na mwaka 2025 Marekani ikaleta tamthilia mpya ya mchana, Beyond the Gates, kwenye kituo cha televisheni cha CBS. Familia kuu ni weusi, na wahusika wengi ni weusi, kitu ambacho hakikuwa kimeonekana mchana tangu Generations ya 1989, iliyodumu miaka miwili tu. Nami nikasoma mstari wa pili nikaruka kwenye kiti: wanaishi kwenye mtaa wenye MAGETI. Liko mpaka kwenye jina! Nikasema hapa sasa hakuna ujanja, geti hilo lazima lina mtu. Nikasoma maelezo kuhusu familia. Baba, seneta mstaafu. Mama, mwimbaji maarufu wa zamani. Mabinti, wajukuu, madaktari, wanasheria. Nikashuka chini polepole kwa kidole, jina baada ya jina, kama mtu anayetafuta matokeo ya mtihani, mpaka betri ikafika asilimia tatu.

Nilimpelekea mama mkwe kesi yangu yote, nimeipanga vizuri. Nikasema mama, weusi wameingia, wagonjwa wameingia, sasa na sisi tunaofanya kazi tuingie basi, hata kama ni kwa zamu. Akanisikiliza mpaka tangazo likaisha.

"Wewe ukitoka kazini umechoka," akasema, "unataka kukaa kuangalia mtu yuko kazini?"

Sikuwa na jibu. Nikasema namtaka aonekane kidogo tu. Kwamba ana mke. Kwamba ile chupa iliuma.

"Mke wake atafanya nini?"

"Atauliza mume wangu yuko wapi."

"Na Mshenzi?"

"Ataswekwa ndani."

"Basi tamthilia itakuwa imekwisha," akasema, na akanitazama kwa huruma, kama mkwe aliyeshindwa hesabu ndogo.

Juzi ndiyo nimechoka kabisa. Nilikuwa nimekaa, macho mekundu, shuka begani, naye mama mkwe na rimoti yake iliyofungwa mpira wa pesa kwa nyuma ili betri zisitoke. Nyoka anatoka na gari. Geti likafunguliwa, na anayelifungua ni mlinzi. Mrefu. Yule wetu alikuwa mfupi, mabega mapana! Huyu hata kutembea anatembea tofauti, anaburuza mguu wa kushoto.

"Mama! Wameajiri mwingine!"

"Mwingine nani?"

"Mlinzi! Yule wa chupa hakurudi. Hakuna aliyesema kafa au kapona, hakuna aliyeuliza, wameweka mwingine tu!"

Mama mkwe akainama mbele, akakodoa macho, akamtazama mlinzi mpaka gari likapita na geti likafungwa. Alimtazama vizuri, nitamtendea haki.

"Lakini baba," akasema, "kofia si ileile?"