Frenolojia Ilikuwa na Jibu kwa Kila Pingamizi

Inapotajwa frenolojia, yaani ile elimu ya kusoma tabia ya mtu kwa kupapasa kichwa chake, wengi huidharau kama upuuzi wa watu wasiosoma. Sikubaliani nao. Mwasisi wake, Franz Joseph Gall, alikuwa daktari hodari wa Vienna, na fundisho lake la msingi, kwamba akili ya mwanadamu hukaa katika ubongo, lilikuwa sahihi. Alipotoka pale alipodai kuwa ubongo umegawanyika katika viungo 27, kila kimoja na tabia yake, na kwamba kiungo kinachokua huinua mfupa wa fuvu hadi nundu yake ishikike kwa vidole.

Dai hilo liliweza kupimwa, na lilipimwa. Mwaka 1829, mjini Edinburgh, alinyongwa William Burke, aliyeshirikiana na mwenzake Hare kuua watu 16 na kuuza maiti zao kwa mwalimu wa anatomia. Thomas Stone, aliyeipinga frenolojia waziwazi, alilinganisha vipimo vya kichwa cha Burke na vya mafuvu mengine, akaonyesha kwamba kiungo cha uharibifu, ambacho kwa muuaji wa aina hiyo kilitarajiwa kuwa kikubwa kupita kiasi, hakikuwa hivyo hata kidogo. Wanafrenolojia hawakutetereka. Utetezi wao wa siku zote ulikuwa kwamba kiungo kimoja hakihukumiwi peke yake, kwa kuwa viungo vingine, malezi na mazingira huweza kukizuia au kukichochea.

Kwangu mimi, kosa kubwa la frenolojia liko katika utetezi huo kuliko katika nundu zenyewe. Nundu ikiwa kubwa, nadharia imethibitika. Ikiwa ndogo, nadharia haijaguswa. Elimu iliyojikinga hivyo haina namna ya kujirekebisha, hata ikifuatwa na watu waaminifu na wenye bidii. Ndiyo maana majaribio ya Pierre Flourens kwa ubongo wa wanyama, yaliyofanyika Ufaransa katika miaka ya 1820 na kwenda kinyume na dai la viungo hivyo, hayakuizuia kustawi, wala hayakuwazuia ndugu wa familia ya Fowler kufanya biashara kubwa ya kusoma vichwa huko New York.

Madhara yake hayakuishia kwenye ada za wateja. Mwaka 1836 Friedrich Tiedemann wa Heidelberg, baada ya kupima mafuvu na bongo za watu wa mabara mbalimbali, aliandika kwamba hakuona tofauti ya maana kati ya ubongo wa Mwafrika na wa Mzungu. Wanafrenolojia walimpinga. Miaka mitatu baadaye, Samuel Morton wa Philadelphia alipochapisha kitabu chake cha mafuvu ya Wamarekani wa asili, aliyekiandikia nyongeza ya kuyafasiri mafuvu hayo alikuwa George Combe, kiongozi wa frenolojia wa Edinburgh. Ushahidi wa Tiedemann ulikuwa umekwisha kuchapishwa, tena kwa Kiingereza, na Combe hakuwa na udhuru wa kutoujua.