Binamu anaongea, mtoto haongei: nani aseme habari za usonji?

Kuna ubishi umeingia nyumbani kwetu Igoma, hapa Mwanza, na sioni ukiisha karibuni, sa ngoja niulete huku mana nahisi hata nyumba nyingine upo. Binamu yangu ana miaka 34, anapanga mabondo ya sangara (vile vibofu vya hewa vya tumboni mwa samaki) kwa tajiri mmoja pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba, ana usonji (autism, mtu tangu utotoni anapokea sauti, mguso na maongezi tofauti na wengine) na aliambiwa akiwa mtu mzima kabisa na ndevu zake. Dada yangu ana mtoto wa miaka 9, naye ana usonji, haongei. Binamu anasema watu wazima wenye usonji wajitokeze wasimulie wanavyoishi, jamii ielewe na hawa wadogo wapate pa kushika. Dada anasema simulia yako, ila usimsemee mwanangu.

Nianze na binamu. Tangu Leo Kanner aandike kule Marekani mwaka 1943 kuhusu watoto 11, waliozungumza habari za usonji kwa miaka mingi walikuwa madaktari na wazazi, mwenye usonji mwenyewe yupo pembeni anaangaliwa tu. Na waliokuwa wanaongea walikosea vibaya, kuna kipindi huko kwao mama alilaumiwa kwamba hana upendo ndo mana mtoto yuko hivyo (huku kwetu mama analaumiwa pia, ila kesi inakuwa ya uchawi au mkosi wa ukoo). Mpaka mwaka 1993 Jim Sinclair, mwenye usonji mwenyewe, akawaambia wazazi msitulilie, mnayemlilia ni yule mtoto mliyemtarajia hakuja, sisi tupo.

Afu mwaka 2012 Damian Milton, mtafiti wa Uingereza na yeye ana usonji, akaleta hoja ambayo kwangu ndo kiini. Alisema kutoelewana ni kwa pande mbili, sio kwamba mwenye usonji tu ndo hamwelewi mwenzake, na huyo mwenzake pia hamwelewi yeye. We fikiria salamu za Kisukuma. Mwangaluka ya asubuhi, mwadila ya jioni, hapo bado nyumbani, bado watoto, bado ng'ombe, na yote lazima ujibu kwa utulivu. Binamu anaangalia chini, anajibu moja, anaenda kwenye mabondo yake. Mwaloni nzima wakasema ana maringo. Ana miaka sita pale na hakuna hata mmoja aliyewahi kumuuliza ikoje kwake, siku alipoulizwa akasema salamu ndefu inamchosha kuliko kubeba gunia la dagaa. Sasa hiyo huwezi kuipata kwa daktari, ni mpaka yeye aseme.

Ila tusizidishe. Kuna jaribio lilifanyika Uingereza likatoka mwaka 2020, watu wanapokezana habari mmoja hadi mwingine kama mchezo wa kunong'onezana, wenye usonji peke yao walifikisha vizuri sawa na wasio nao, waliochanganywa ndo habari ikapotea. Watu walilishangilia sana, ushahidi huu hapa. Jaribio likarudiwa na watu wengi zaidi, majibu yakatoka mwaka 2025, na safari hii waliochanganywa nao wakafikisha sawa tu. Hoja ya Milton haijafa kwa hilo, lakini anayesema kwamba wenye usonji wanaelewana wao kwa wao moja kwa moja kama mapacha apunguze mwendo.

Na hapo ndo dada anaingia. Mwaka 2013 madaktari wa akili wa Marekani walipotoa kitabu chao kipya cha vipimo walikusanya majina kadhaa yaliyokuwa yanatenganishwa wakayaweka chini ya jina moja la usonji. Kwa iyo binamu anayepanda daladala mwenyewe, ana mke, na huyu mtoto anayevalishwa na kulishwa, wote jina moja. Mwaka 2021 jopo la wataalamu wa jarida la kitabibu la Lancet likapendekeza wanaohitaji uangalizi saa 24 wawe na jina lao, na watu wazima wengi wenye usonji wakakataa, wanahofia aliyepewa hilo jina ataonekana haelewi kitu. Dada hajui habari za hilo jopo lakini nilimsikia jikoni akisema yaleyale, kwamba watu wakishazoea wale wanaojieleza wataona usonji ni kitu chepesi, ni mtu mpole anayejua hesabu, wa kwake nani atamtazama? Hapo sina jibu na sijifanyi ninalo.

Kitu kingine ni hili neno ustahimilivu. Kila anayehamasisha watu wasimulie anasema inajenga ustahimilivu. Mi naliogopa, mana huku kwetu likishuka mtaani linakuwa vumilia, na binamu ameshavumilia vya kutosha, amejifunza kucheka wenzake wakicheka hata kama utani haujamfikia, akirudi jioni anajifungia chumbani hataki hata taa.

Halafu kuna jukwaa lenyewe. Alishawahi kusimama kanisani akasimulia. Sasa sote tunajua ushuhuda unavyoenda, nilikuwa hivi, nikateseka, na sasa nimepona, amina. Ya kwake haina nimepona. Akafika mwisho watu bado wanasubiri, kimya, afu wakaja kumwekea mikono kichwani, mtu ambaye kuguswa kichwa ndo kitu asichokiweza kabisa. Wiki nzima hakwenda kazini. Kwa iyo kwenye jukwaa niko na dada, msikilizaji anakuja na mwisho wake mfukoni na simulizi isipofika hapo anaimalizia mwenyewe.

Lakini nimeona pengine ikifanya kazi. Dada ameolewa Sengerema, na kila wakivuka na kivuko cha Kamanga mtoto anapiga kelele mpaka ng'ambo, abiria wanasema mama hajui kulea. Binamu akamuuliza dada huwa mnakaa wapi. Chini, karibu na injini. Akamwambia mi nikikaa pale mtetemo unapanda miguuni mpaka kwenye meno, mpandishe juu, na kabla honi haijalia mzibe masikio. Walipopanda juu kelele zikaja mara moja tu, honi ilipolia, afu akatulia. Siku hizi mara nyingi wanazunguka zao na daraja la Kigongo–Busisi, tangu lilipofunguliwa Juni 2025, ni mbali zaidi lakini dada anasema nauli ya ziada ni bei ndogo.

Dada bado hajamruhusu binamu kumtaja mtoto mbele za watu. Ila Jumapili iliyopita nilimkuta barazani anamuuliza binamu kuhusu kukata kucha.