Kabla ya Kuuliza Dawa, Tazama Chini ya Mkia

Jioni moja nilimbeba sungura wangu kutoka uani, na nilipomgeuza nimpanguse miguu nikaona kitu cheupe chini ya mkia wake. Kilifanana na chenga ndogo za mchele zilizogandamana kwenye manyoya yenye unyevu. Asubuhi hapakuwa na kitu pale. Yalikuwa mayai ya inzi. Niliyatoa kwa kitana huku mikono ikinitetemeka, kisha nikampeleka kwa daktari wa mifugo usiku uleule. Ningemrudisha bandani bila kumtazama, mayai yale yangeweza kuanguliwa kabla ya kesho yake jioni, na funza wangeanza kumla akiwa hai.

Tangu siku hiyo nina msimamo mmoja: kinachomlinda sungura anayecheza nje ni macho na mikono ya anayemfuga. Dawa huja baadaye.

Nalisema hili kwa sababu swali la kwanza ninaloulizwa ni “nimpake nini?” Mwenye kuuliza mara nyingi tayari ana dawa ya viroboto ya mbwa au paka mkononi. Tafadhali, irudishe kabatini. Fipronili, ambayo mbwa na paka hudondoshewa shingoni bila shida, inaweza kumtia sungura degedege na kumuua. Kola za viroboto nazo zisimkaribie. Zipo dawa zinazomfaa, kama ivermektini na selamektini, ila kipimo hufuata uzito wake na daktari ndiye wa kukipanga. Kumwogesha pia si tiba: sungura akilowa hadi kwenye ngozi hupata baridi na mshtuko.

Wengine wakisikia haya huamua kumfungia ndani moja kwa moja. Siwaungi mkono. Sungura aliyeumbwa kukimbia na kuchimba, anayeruka na kujipinda hewani akifurahi, hafai kuishi maisha yake yote kwenye kizimba. Isitoshe viroboto huingia ndani wakiwa juu ya paka na mbwa wa nyumbani.

Atoke, lakini chagua mahali. Usimweke kwenye majani ambapo mbwa hujisaidia, maana kinyesi cha mbwa kinaweza kuwa na mayai ya tegu. Sungura akiyala, viluwiluwi hupenya mpaka kwenye ini lake. Mahali wanapopita sungura mwitu napo sipataki. Halafu kuna koksidia, vimelea vidogo visivyoonekana kwa macho, ambavyo huwaharisha hasa sungura wachanga na vinaweza kuwaua. Hivi hutoka kwenye kinyesi cha sungura wenyewe, na vikishatoka huhitaji siku moja au zaidi kwenye unyevu kabla ya kuweza kuambukiza. Ndiyo maana nazoa kinyesi kila siku bila kukosa na kuhamisha uzio wake mara kwa mara. Ufagio hapa unafanya kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Akirudi ndani, namweka mapajani. Naanza na masikio: ukoko wa rangi ya kahawia ndani yake ni dalili ya utitiri, na usiubandue, kwani chini yake kuna kidonda na anaumia sana. Kisha napekua manyoya ya shingo na mgongo. Mba mwingi hapo unaweza kuwa utitiri wa aina nyingine. Ukiutazama kwa makini utaona mba wenyewe unasogea. Vidoa vyeusi navipangusa kwa pamba yenye maji. Vikiacha wekundu, hicho ni kinyesi cha kiroboto, na wekundu ule ni damu ya sungura wako. Kupe namshika kwa kibano karibu kabisa na ngozi na kumvuta taratibu, bila mafuta wala moto.

Mkia ndio namalizia, na hapo sina haraka. Sungura mzima hula kinyesi chake laini moja kwa moja kinapotoka, kwa hiyo sehemu ile hubaki kavu. Aliyenenepa kupita kiasi, au mzee mwenye maumivu ya viungo, hawezi kujifikia. Anayelishwa vitamu vingi na nyasi kavu chache hutoa kinyesi laini kupita anachoweza kumaliza. Kinaganda, kinanuka, na inzi wa kijani hutambua harufu ile kutoka mbali. Ukiona uchafu pale kila siku, kuusafisha peke yake hakutoshi; chunguza bakuli lake la chakula na uzito wake. Wangu alikuwa amenenepa, nami nilikuwa nikimuona amependeza.

Usimsubiri aonyeshe kwamba anaumwa. Sungura ni mnyama wa kuwindwa, huficha maumivu mpaka anapozidiwa, na ataendelea kukaa kimya kwenye kona huku funza wakiwa kazini. Ukiwakuta funza tayari wameanguliwa, usingoje kupambazuke wala usiseme utawatoa mwenyewe wote, kwa sababu wengine huwa wameshaingia chini ya ngozi. Anaweza kufa ndani ya siku moja. Mfunge kwenye taulo kavu, mpigie daktari umweleze ulichokiona, na uondoke naye saa hiyohiyo.