Soketi Ziko Wapi, Jamani?

Jamani, nani katuroga? Tiketi iko kwenye simu, bodingi pasi kwenye simu, anwani ya mwenyeji kwenye simu, hata hela. Sawa, maendeleo tumeyakubali. Sasa hao waliohamishia maisha yetu yote humo, mbona soketi wamezificha? Marekani ndiyo usiseme: mwaka 2014 walianza kudai, kwa baadhi ya safari za kwenda kwao, uwashe simu mbele ya mkaguzi. Isipowaka, haipandi ndege.

Mimi nilijipanga. Nikanunua pawabenki Kariakoo, imeandikwa 50,000 mAh, yaani kiasi cha chaji inachobeba, kwa rangi ya dhahabu. Nikaitia kwenye begi la mkononi, maana kwenye mizigo ya chini hairuhusiwi: betri za lithiamu zikishika moto kule, nani atauona? Mkaguzi akaigeuza, akatoa kikokotoo.

"Mzee, 50,000 mara volti 3.7, gawanya kwa elfu, hii ni wati-saa 185. Bila kibali mwisho 100. Kwa kibali cha shirika, 160. Haipandi."

"Kaka, hizo 50,000 ni za kwenye kasha tu. Haijawahi kuijaza simu hii hata mara mbili."

"Imeandikwa."

"Imeandikwa na muuzaji!"

"Mimi nasoma maandishi."

Foleni nzima kimya, inamsikiliza mtu mzima akipigania mali yake kwa kuapa kwamba ni feki. Ikaenda pipani pamoja na mikasi na visu. Kitu ambacho nyumbani hakimalizi mechi moja, leo ni cha kutisha ndege nzima!

Nikafika uwanja wa kubadilishia ndege, simu asilimia nane. Kumbuka, Tanzania, Kenya, Uganda, Oman, Dubai mpaka Uingereza, plagi ni pini tatu bapa. Ethiopia, Uturuki na sehemu kubwa ya Ulaya ni mbili za duara. Mimi nikaangukia kwenye duara, chaja yangu bapa. Ingekuwa kinyume, kwetu si tatizo: unachokonoa tundu la juu kwa ncha ya kalamu, plagi ya pini mbili inaingia (msiige, umeme hauna shemeji). Huku kalamu ninayo, tundu la kuchokonoa hakuna. Nikanunua adapta. Bei siitaji, mke wangu anasoma haya.

Haya, soketi sasa. Ya kwanza iko nyuma ya pipa la taka, imelegea, ukikohoa plagi inadondoka. Ya pili imechomekwa mashine ya kudeki. Ya tatu kaitawala kijana mmoja mwenye simu mbili, kompyuta, saa na kidude cha kuvutia moshi, vyote kwenye ekstensheni aliyotoka nayo kwao, na amelala fofofo. Unamwamshaje mtu aliyezungukwa na waya kama mgonjwa mahututi? Kuna na vile vitundu vya USB vya bure, ambavyo FBI, wapelelezi wa Marekani, walionya mwaka 2023 kwamba wahalifu wanaweza kuvitumia kukuingilia kwenye simu. Waingie tu. Watakuta meseji za wanaonidai, pengine watanichangia.

Asilimia mbili. Nikamwona bibi wa kwetu kabisa, kajifunga kanga, kaegemea ukuta, bahasha ya kaki mapajani, safari yake yote imo humo kwenye karatasi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Mbona unazungukazunguka, umepoteza mtoto?"

"Natafuta soketi, bibi. Pa kuchajia simu."

"Aa! Au ndiyo hivi vinavyoniumiza mgongo tangu alfajiri?"

Akasogea. Soketi nne, zimejipanga, zote nzima. Nikapiga magoti, nikachomeka adapta, nikachomeka chaja, kialama cha betri kikawaka kijani, na hapo hapo spika ikatangaza ndege yetu.

"Haya," bibi akasema, anajikung'uta kanga, "kusanya kamba zako twende."