Haki za wenzetu tulizipigania, chumba cha Manzese je?

Juzi kijiweni hapa Sinza ubishi ulikuwa mkali, jamaa mmoja anasema Tanzania tuache kuongelea haki za watu wa nje wakati huku bomoabomoa inalaza watu barabarani, mwenzake akasema nchi isiyo na msimamo haiheshimiwi. Mi naona kila mmoja kashika nusu.

Huyu wa kwanza kasahau kidogo. Dar hii hii ndo yalikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya OAU (umoja wa nchi za Afrika wa enzi hizo) tangu 1963, FRELIMO ya wapigania uhuru wa Msumbiji imezaliwa hapa hapa 1962, ANC ya Afrika Kusini nao wakapewa ardhi Mazimbu kule Morogoro, na wakati huo wananchi wetu wengi walikuwa kwenye nyumba za udongo. Tungesema tumalize kwetu kwanza, Msumbiji wangekuwa wanatusubiri mpaka leo.

Ila kuna kitu kinaniuma. Wasauzi tuliowahifadhi walienda kwao wakaandika katiba 1996, kifungu cha 26 kinakataza mtu kutolewa nyumbani kwake au kubomolewa bila amri ya mahakama. Sisi wenyeji wao ibara ya 24 ya katiba yetu inalinda mali, yaani uwe nayo kwanza, sasa mpangaji wa chumba kimoja Manzese inamsaidia nini, na ile sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ilifutwa 2005 kwahiyo mwenye nyumba akitaka miezi sita kwa mkupuo, weka na ya dalali hapo, unatoa au unahama.

Serikali nayo ina hoja jamani, bonde la Msimbazi mvua ikinyesha maji yanafika kitandani. Na wapo waliopewa viwanja Mabwepande, huko pembezoni mwa jiji, baada ya mafuriko ya 2011 wakarudi zao bondeni, lakini hebu muulize muuza mchicha wa Kariakoo nauli ya kutoka Mabwepande kila alfajiri. Tingatinga lililobomoa nyumba za bondeni Desemba 2015 halikuuliza. Mbona Magomeni Kota iliwezekana? Kaya 644 zilizobomolewa kota zao za zamani, walisota miaka, Magufuli akawaahidi nyumba mpya 2016, nyumba zikazinduliwa 2022.

Wala sidanganyiki na karatasi, Sauzi na kifungu chao mabanda ya mabati bado yamejaa Khayelitsha kule Cape Town. Lakini mwenye banda kule ana pa kukimbilia kabla tingatinga halijafika, wa kwetu anaamka asubuhi anakuta X nyekundu ya kubomolewa ukutani.